Nyumba Kando ya Reli: Anayeweza Kusimama Ndiye Asimame

Bismillahir Rahmanir Rahim

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.



Katika madrasa yetu wapo wanafunzi wengi wanaotoka katika nyumba zilizo kando ya reli. Wengine wakifungua dirisha la chumbani wanayaona mataruma. Wengine hawana njia ya kuja chuoni ila kuivuka reli, kwenda na kurudi, siku tano kwa wiki. Somo la mwaka huu tumelichagua kwa ajili yao na kwa ajili ya wazee wao. Tutamtazama jirani huyu ni nani, kwa nini ni wa hatari, dini yetu inatufundisha nini juu yake, na kila mmoja wetu ana wajibu gani. Mwisho yapo maswali ya kujipima.

JIRANI ALIYETUTANGULIA

Tuliozoea kulalamika kwamba treni inatusumbua, tujue kwanza kwamba reli ndiyo mwenyeji na sisi ndio wageni. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa ndugu zetu wa Kenya, ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na reli ikafika Kisumu mwaka 1901. Reli ya TAZARA, yenye kilometa 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975.

Reli ya Kati ilipojengwa, Vingunguti na Gongo la Mboto hazikuwa na msongamano wa nyumba tunaouona leo. Mji ulikua, viwanja vikaadimika, watu wakasogea. Mwenye kipato kidogo alipata kiwanja cha bei nafuu, na mara nyingi bei ilikuwa nafuu kwa sababu treni inapita hapo. Hatumlaumu mtu kwa kutafuta pa kuwasitiri watoto wake. Lakini anayehamia kwa jirani hana budi kujifunza tabia za jirani huyo.

Jambo la kwanza la kujifunza ni mpaka. Kila reli ina eneo la hifadhi pande zote mbili, lililotengwa kisheria. Hiyo si ardhi isiyo na mwenyewe. Wapo waliouziwa humo kwa mashahidi na karatasi, na baadaye wakaamka na kukuta alama ya X ukutani. Mzazi anayetaka kununua kiwanja karibu na reli aende akaulize ofisi ya ardhi na ofisi ya reli, asitosheke na maneno ya dalali.

KWA NINI TRENI HAISIMAMI?

Dereva wa daladala akikuona barabarani ana mambo mawili ya kufanya: kukanyaga breki au kukukwepa. Dereva wa treni hana usukani. Ana honi na breki tu, na breki yenyewe ina kazi kubwa.

Gurudumu la treni ni la chuma, na linakwenda juu ya chuma. Mahali vinapogusana ni padogo sana, kama ukubwa wa sarafu. Kwa sababu hiyo msuguano ni mdogo, na ndiyo maana kichwa kimoja cha treni kinaweza kuvuta mabehewa mengi yenye shehena. Lakini wepesi huo huo wa kuteleza ndio unaoifanya treni ichelewe kusimama. Tuchukulie behewa moja na mzigo wake lina uzito wa tani 40. Mabehewa 20 yatakuwa tani 800. Uzito kama huo ukishakuwa kwenye mwendo, huhitaji mamia ya mita kusimama, na mwendo ukiwa mkubwa huweza kufika kilometa nzima au zaidi. Dereva akikuona ukiwa mita 100 mbele yake, amekuona tu, hawezi kukusaidia.

Sasa tufanye hesabu. Ukitaka kujua treni inakwenda mita ngapi kwa sekunde moja, chukua mwendo wake wa kilometa kwa saa, ugawe kwa 3.6. Treni ya kilometa 36 kwa saa inakwenda mita 10 kwa sekunde. Ya kilometa 60 inakwenda karibu mita 17. Ya kilometa 160, kama treni mpya ya umeme, inakwenda karibu mita 44. Mtoto aliyebeba ndoo ya maji, akitumia sekunde 5 kuvuka, treni ya kilometa 60 itakuwa imesogea zaidi ya mita 80. Ile ya kilometa 160 itakuwa imesogea zaidi ya mita 220, yaani zaidi ya viwanja viwili vya mpira.

Kuna mengine matatu ambayo watoto hudanganyika nayo:

1. Upana. Katika Reli ya Kati ya zamani, toka chuma hadi chuma ni mita 1 tu. Lakini behewa lina upana wa zaidi ya mara mbili ya huo. Aliyesimama nje kidogo ya chuma akidhani yuko salama, bado yuko njiani mwa treni.

2. Sauti. Watu husema, "Nitaisikia." Upepo ukivuma kinyume, au pakiwa na redio, mashine ya kusaga na pikipiki, huisikii mpaka ifike. Treni ya umeme ni kimya zaidi. Na treni moja inapopita karibu nawe, mlio wake humeza mlio wa nyingine inayokuja kwenye njia ya pili.

3. Kuweka sikio relini. Ni kweli sauti husafiri ndani ya chuma kwa kilometa 5 hivi kwa sekunde, na hewani ni mita 340 tu. Lakini mwenye kichwa chake juu ya chuma amejiweka mahali pabaya kuliko pote duniani. Jambo hili ni marufuku kwa mwanafunzi wetu yeyote.

KISA CHA TRENI ILIYOSIMAMA

Mpaka hapa tumezungumzia treni inayokwenda. Naomba niwasimulie kisa cha treni iliyosimama, kwa sababu hiyo nayo huua, na kisa hiki nilikiona kwa macho yangu.

Mwaka 1988 nilikuwa na umri wa miaka kumi. Nyumba yetu ilikuwa upande mmoja wa reli na chuo kilikuwa upande wa pili, karibu na stesheni ndogo ambapo treni hupishana. Treni ya mizigo ilikuwa ikisimama hapo hata saa nzima ikisubiri nyingine ipite, na mabehewa yake yaliziba kabisa njia yetu. Kuzunguka mpaka mwisho wake ilikuwa mwendo mrefu. Nasi tulikuwa na maalim mkali wa saa. Aliyeingia baada ya dua ya kufungulia alipata bakora tatu, hakuna udhuru. Kwa hiyo tulipita chini ya mabehewa, tukitambaa juu ya kokoto. Wakubwa walituona kila siku. Na wao walipita hapo hapo.

Siku hiyo tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu. Mimi nilitangulia nikatokea upande wa pili. Yeye alipokaribia kutoka, juzuu yake ilimponyoka. Akasema, "Ngoja," akarudi kuiokota, maana hakutaka iguse uchafu. Nikasikia mlio kutoka mbele, ka-ka-ka-ka, unakuja upande wetu haraka. Sikujua ni nini. Leo najua. Kati ya behewa na behewa kuna nafasi kidogo kwenye kiungio. Kichwa kinapovuta, behewa la kwanza linashtuka, kisha la pili, kisha la tatu, mpaka la mwisho. Aliye katikati hapati onyo lolote ila mlio ule, na kutoka kuusikia hadi gurudumu la juu yake kuanza kuzunguka ni sekunde moja au mbili. Dereva yuko mbali kule mbele na hawezi kumwona.

Rafiki yangu aliokoka, alhamdulillah, lakini mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti.

Maalim alikwenda hospitali akakaa kando ya kitanda mpaka magharibi. Jumamosi iliyofuata alisimama mbele yetu. Bakora haikuwa mkononi. Akasema: "Aliyezuiwa na treni hajachelewa. Asimame mpaka ipite, au azunguke, kisha aje akitembea. Somo lake nitamrudia mimi." Kuanzia siku ile, kila saa nane kasoro robo mchana alikuwa akienda mwenyewe kusimama kivukoni, jua au mvua, mpaka mtoto wa mwisho avuke. Hakuacha mpaka alipozidiwa na uzee. Allah amrehemu.

Kanuni ile ndiyo inayofuatwa katika madrasa yetu hadi leo, na wanafunzi wapya wamekuwa wakiuliza imetoka wapi. Imetoka hapo.

DINI INATUFUNDISHA NINI?

Wapo wanaosema, "Ajali ni kadari, siku ikifika imefika." Ni kweli hakuna linalotokea nje ya kadari ya Allah (S.W.). Lakini katika Suratul Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujiingiza kwa mikono yetu katika maangamizi. Na katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake huru na kutegemea kwa Allah, alielekezwa amfunge kwanza kisha ategemee. Kutazama kushoto na kulia kabla ya kuvuka ndiyo kamba yetu ya kumfungia ngamia.

Mtume (S.A.W.) pia alituonya juu ya mahali pa kulala na kukaa. Katika hadithi iliyomo kwa Abu Daud, anayelala usiku juu ya paa lisilo na kizuizi pembeni, akianguka asimlaumu mtu. Katika hadithi iliyomo kwa Muslim, wasafiri wanaopumzika usiku waliamriwa wasogee pembeni, kwa kuwa njia ni mapito ya wanyama na makimbilio ya wadudu wenye sumu. Yaani njia ina wenyewe wanaopita, na haifanywi kitanda. Kama hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa njia ya ngamia, iweje kwa njia ya treni? Wapo wanaokaa relini jioni kupunga upepo, wanaoanika nguo na dagaa juu yake, na wanaotandaza bidhaa katikati ya mataruma. Hadithi hizi zinawahusu.

Vilevile Bukhari na Muslim wamepokea kwamba masahaba walipokatazwa kukaa njiani wakaeleza kwamba hawana budi kukaa, waliamriwa waipe njia haki yake, na katika haki hizo ni kuzuia udhia. Kwa hiyo reli nayo ina haki juu yetu. Kurusha jiwe kwenye dirisha la treni si mchezo. Aliye ndani ni msafiri, na ukimpiga amekuwa pia mwenye kudhulumiwa. Tumefundishwa kwamba dua ya msafiri na dua ya aliyedhulumiwa hazirudi. Nani anataka kuombewa mabaya na mtu mwenye sifa zote mbili? Na anayefungua nati na bolti za reli akauze kama vyuma chakavu, pamoja na aliyezinunua akijua zilikotoka, wanacheza na roho za mamia ya watu kwa bei ya mkate.

KELELE NA MASOMO

Madhara ya reli si ajali peke yake. Mwaka 1975, huko New York, Marekani, mtafiti Arline Bronzaft pamoja na mwenzake walitoa utafiti juu ya shule moja iliyokuwa karibu na njia ya treni ya juu. Treni zilipita kila baada ya dakika chache, na kila zilipopita mwalimu ilimbidi anyamaze. Waliwalinganisha watoto wa madarasa ya upande wa reli na wale wa upande wa pili wa jengo lile lile. Waliokuwa upande wa kelele walikuwa nyuma katika kusoma, na katika madarasa ya juu pengo lilikaribia mwaka mzima. Baadaye reli iliwekewa mipira ya kupunguza mtikisiko, na madarasa yakawekewa dari za kumeza sauti. Utafiti wa pili, uliotoka mwaka 1981, ulionyesha kwamba pengo lile limeondoka.

Tunajifunza mawili hapa. Kwanza, mtoto wa kando ya reli anayesuasua kusoma si lazima awe mvivu au mzito wa kuelewa. Pili, tatizo hili lina dawa, na mtoto hurejea hali yake akipata utulivu.

Usingizi nao ni hivyo hivyo. Mtu husema, "Nimeshazoea, siisikii." Masikio yamezoea kweli, lakini moyo bado hushtuka na usingizi hukatika bila mwenyewe kujua. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, lilishauri kelele za treni usiku zisizidi wastani wa desibeli 44. Hatuna vipimo majumbani mwetu, lakini tunacho cha kufanya. Watoto walale chumba kilicho mbali zaidi na reli. Matundu ya juu ya ukuta wa upande wa reli yapunguzwe, hewa ipitie upande mwingine, kwani sauti huingia penye uwazi. Ukuta mzima wa matofali huzuia sauti. Safu ya miti huleta kivuli lakini kelele haizuii sana. Vitu vizito visiwekwe kwenye rafu juu ya kitanda, kwa sababu ya mtikisiko. Na mzazi ajue saa za treni, ili hifdhi na muraja'a ya mtoto ifanyike wakati wa utulivu, kama baada ya Alfajiri.

RELI MPYA YA UMEME

Kenya ilianza safari za reli yake mpya ya Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017. Tanzania ilianza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma mwaka huo huo. Reli hii ya Tanzania ni ya umeme, na waya wake wa juu una volti 25,000. Umeme wa nyumbani ni volti 230, kwa hiyo ule ni zaidi ya mara mia moja. Umeme wa kiasi hicho unaweza kuruka hewani ukamfikia mtu ambaye hajagusa waya. Tiara, ndoana ya kuangulia maembe, bomba la chuma au fimbo mbichi visisogezwe karibu nao. Uzio uliowekwa pembeni ni sitara ya watoto wetu. Anayeutoboa ili afupishe njia, amefungua mlango wa msiba kwa wote watakaopita baada yake.

WAJIBU WETU

Mwanafunzi:
1. Vuka kwenye kivuko, njia ya chini au daraja. Simama, tazama pande zote mbili, sikiliza, ndipo uvuke bila kukimbia.
2. Usipite chini ya behewa wala kati ya mabehewa, hata kama treni imesimama tangu asubuhi.
3. Kitu kikianguka relini, hata kiwe cha thamani namna gani, kiache. Mwambie mkubwa.
4. Mshike mkono mdogo wako.
5. Vaa viatu. Mabehewa ya zamani vyoo vyake humwaga moja kwa moja juu ya kokoto, na najisi hiyo huletwa mpaka mkekani.

Mzazi:
1. Usimfundishe mwanao kwa vitendo unachomkataza kwa maneno. Mtoto hufuata nyayo zako.
2. Mtume mtoto mapema, ili asiwe na haraka. Aliye na haraka hasikii honi.
3. Usitupe taka kwenye makalvati chini ya tuta la reli. Yakiziba, tuta huwa bwawa, na maji ya mvua hurudi ndani ya nyumba zetu.
4. Funga mbuzi wako. Watoto wengi hukimbilia relini wakifukuza mbuzi.

Mwalimu:
1. Usimwadhibu aliyezuiwa na treni.
2. Treni inapopita, nyamaza, kisha rudia sentensi iliyokatika. Usidhani wamesikia.

HITIMISHO

Kabla ya kuandika makala hii nilikwenda kumwomba ruhusa rafiki yangu. Leo ni fundi cherehani, anakanyaga pedali kwa mguu mmoja, na baadhi ya kanzu mlizovaa Idi iliyopita ameshona yeye. Alikubali, akaniomba jina lake lisitajwe. Kisha akasema, "Lakini andika hivi: sikuwa mtundu. Nilikuwa nawahi chuo."

Ndugu zangu, treni haiwezi kusimama kwa ajili yetu. Anayeweza kusimama ndiye asimame. Mtoto asimame kivukoni. Na sisi wakubwa tusimame tusimtie mtoto haraka itakayompitisha chini ya behewa.

Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi watoto wetu na wasafiri wote. Wabillahi tawfiq.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Treni inakwenda kilometa 72 kwa saa. Itasogea mita ngapi katika sekunde 5?
2. Kwa nini treni iliyosimama ni hatari kwa anayepita chini yake?
3. Taja hadithi mbili zilizoelezwa katika somo hili na uonyeshe zinavyohusiana na reli.
4. Waulize wazee wa nyumbani kwenu: njia yako ya kuja chuoni inavuka reli wapi, na je, ipo njia ya salama zaidi? Chora ramani yake uilete kwa mwalimu wako.